Nikiseti mpira unazunguka, na refa anapuliza filimbi

Shikamoo Kocha,

Mimi ni msichana wa miaka 15, nasoma kidato cha pili hapa Dodoma mjini na tunaishi Nkuhungu. Nilianza kucheza mpira wa wavu nikiwa darasa la sita. Siku zote nilikuwa mtu wa nyuma, kazi yangu kupokea, na niliipenda kweli. Mwaka huu seta wetu, yule anayewainulia wapigaji mpira, amemaliza shule. Mwalimu wetu wa michezo akatupanga mstari, akatutazama, kisha akaninyooshea kidole: "Wewe ndiye mfupi kuliko wote, utaseti." Nina sentimita 152. Tangu siku hiyo mimi ndiye seta, na tangu siku hiyo sina raha uwanjani.

Shida ya kwanza ni mpira kuzunguka. Mazoezini, mwalimu akinirushia yeye mwenyewe, naseti vizuri, hata wenzangu wananisifu. Mechi ikianza mambo yanageuka. Ninasimama pale karibu na wavu, nautazama mpira mpaka nione unakwenda wapi, halafu ndiyo nakimbia. Nikiupata unatoka mikononi unazunguka kama pia, refa anapuliza filimbi na kunyoosha vidole viwili. Dabo, yaani nimegusa mara mbili. Jumamosi iliyopita tulicheza mechi ya kirafiki na shule ya jirani nikapigiwa filimbi mara saba. Nyingi ni za mipira iliyoenda kulia kwangu au nyuma yangu. Tena uwanja wetu ni wa udongo, hauna ukuta wala miti, na upepo wa mchana unauchukua mpira unavyotaka.

Shida ya pili ni kapteni wetu, dada wa kidato cha nne. Anapiga sana, ila anataka kila mpira uende kwake. Nisipompa ananifokea mbele ya watu, kwa hiyo sasa nampa yeye tu. Wenzangu wawili, wa katikati na wa namba 2 (mbele kulia), wamenuna. Mmoja ameniambia, "Bora tukae nje tuwashangilie nyinyi wawili."

Nyumbani sina mpira. Mama anauza mboga soko la Majengo na anarudi jioni, hivyo nikitoka shule ni maji, kupika na wadogo zangu. Nikijitahidi napata nusu saa. Juzi pia kidole gumba cha kushoto kilivimba baada ya kuupokea mpira vibaya. Bibi akakikanda na kukivuta, bado kinauma nikikikunja.

Mchujo wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, una wiki sita zimebaki. Nimwombe mwalimu anirudishe nyuma, au kuna njia ya kujifunza kuseti kwa muda huu?

Ni mimi, Seta Mwenye Hofu

*

Marahaba, binti yangu.

Usimwombe mwalimu akurudishe nyuma. Angalau bado. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikapigia mstari maneno yako mwenyewe, kwa sababu jibu la shida yako ya kwanza umeliandika wewe bila kujua. Umesema mwalimu akikurushia unaseti vizuri. Umesema pia kwamba kwenye mechi unasimama, unautazama mpira mpaka uone unakwenda wapi, ndipo unakimbia. Na filimbi nyingi ni za mipira iliyoenda kulia au nyuma yako. Maana yake mikono yako ni mizima. Mikono inayoharibu huharibu hata kwa mpira wa kurushiwa. Wewe unachelewa kufika. Shida yako ni miguu.

Bila shaka ndoo ya maji unaijua kuliko ninavyoijua mimi siku hizi. Mtu anapokutwisha ndoo ya lita 20, hunyooshi shingo kuifuata ilipo. Unasogea wewe, unaweka mwili chini yake, shingo imenyooka, ndipo inatua. Ukiipokea ukiwa umeinama upande mmoja, maji yanamwagika na shingo inauma. Mpira wa kuseti ni hivyo hivyo. Mwili uufikie kwanza, mikono ije baadaye. Na kuna kipimo cha kujua kama umefika: siku moja mazoezini, mpira ukiwa unashuka, ondoa mikono ghafla. Ukikugonga katikati ya paji la uso, ulikuwa mahali sahihi. Ukikupita pembeni ya sikio au kukuangukia begani, ulikuwa unataka kuseti kwa kunyoosha mikono, na hapo ndipo dabo inapozaliwa.

Nikueleze inavyozaliwa, maana ukiielewa utaacha kuiogopa. Mpira ukiwa juu ya paji la uso, mikono miwili inaugusa kwa wakati mmoja na kuusukuma kwa nguvu sawa. Ukiwa umekupita upande wa kulia, mkono wa kulia unafika kwanza na wa kushoto unakuja nyuma yake kama mtu aliyeachwa na daladala. Mpira umeguswa mara mbili, tena kwa nguvu zisizolingana, kwa hiyo unazunguka. Refa anahukumu jinsi ulivyougusa. Mpira kuzunguka peke yake hakujaandikwa popote kuwa kosa, ila mzunguko mkubwa humfanya refa ashuku mikono yako. Ndiyo maana pia huko nyuma hukupigiwa filimbi kwa jambo hili: timu inapougusa mpira mara ya kwanza, kanuni inaruhusu mpira ugonge sehemu mbili za mwili mfululizo ilimradi ni katika tendo moja. Ukishakuwa seta unagusa mara ya pili, na huko msamaha huo hauko. Hukupungukiwa kipaji kati ya mwaka jana na mwaka huu. Umehamia penye sheria kali zaidi bila mtu kukuambia.

Jambo dogo hapo hapo: refa akipuliza, usimtazame kwa jicho baya wala usimuulize. Anayeruhusiwa kuomba maelezo kwa refa ni kapteni. Wewe rudi mahali pako.

Sasa tuseme namna ya kufika mapema. Uwanja una upana wa mita 9. Mahali pako pa kuseti si katikati kabisa ya wavu. Ni hatua moja kutoka kwenye wavu, na kama mita 3 kutoka mstari wa pembeni wa kulia, yaani kati ya namba 2 na namba 3 (mbele katikati). Ukikaa hapo, wapigaji wawili wako mbele ya macho yako na mmoja tu yuko mgongoni. Waambie wapokeaji wenu walete mpira hapo, na waoneshe kwa kusimama hapo. Ukianzia nyuma, kwa mfano namba 1 (nyuma kulia), mpira wa sevisi ukishapigwa tu uko huru kuondoka, kwa hiyo ondoka. Usingoje mwenzako aupokee. Nenda moja kwa moja mpaka mahali pako, simama, geuka umtazame mpokeaji.

Na hapa ndipo penye kazi yenyewe, naomba uisome taratibu. Acha kuutazama mpira peke yake. Mtazame anayeupokea. Mpira ukiwa bado haujamgusa, tazama mikono yake na mabega yake. Mabega yakielekea kulia, mpira utaenda kulia. Akiwa amerudi nyuma, amekaa kwa visigino, mpira utakuwa mfupi na hautakufikia, kwa hiyo anza kutoka wavuni umfuate. Mikono ikiwa juu sana, mpira utaruka na kuja juu ya wavu. Wewe una bahati ambayo maseta wengi hawana: miaka yote hiyo umekuwa mpokeaji. Unajua mwili unavyokaa mtu anapokaribia kuharibu, maana umeharibu mwenyewe. Mwalimu wako alikuchagua kwa ufupi, lakini mimi ningekuchagua kwa hilo.

Hatua zako mbili za mwisho ziwe kushoto, kulia. Mguu wa kulia unatua mbele kidogo, upande wa wavu. Ukimaliza kwa mguu wa kulia, kifua kinafunguka kuelekea uwanjani, kuelekea namba 4 (mbele kushoto), na mpira ukikuponyoka unabaki upande wenu. Ukimaliza kwa kushoto, kifua kinaelekea wavu na mpira unavuka kwenda kwa wapinzani, nao wanakuja kuupiga bure. Uwe umesimama kabla ya kuugusa. Bora kukimbia kwa kasi kisha kusimama, kuliko kukimbia taratibu na kuseti ukiwa bado unatembea.

Kuhusu mikono, nitasema machache. Iinue mapema, kabla mpira haujaanza kushuka, juu ya paji la uso, umbo kama la mpira wenyewe. Vidole viwe wazi bila kukakamaa. Mpira unaguswa na nyama za mbele za vidole: gumba, cha shahada na cha kati ndivyo vinavyobeba, vile viwili vidogo vinaongoza tu. Kiganja hakiugusi. Viwiko vimefunguka kidogo, sio kama mbawa. Ukishasukuma, mikono miwili imalizie juu, imenyooka kuelekea unakompelekea, na ibaki pale kidogo. Na nguvu zisitoke mikononi. Kutoka unaposimama mpaka antena (ile fimbo ya pembeni mwa wavu) ya upande wa namba 4 ni kama mita 6, na mikono ya msichana wa miaka 15 peke yake haifikishi mpira mita 6 kwa utulivu. Kunja magoti, kisha miguu, kiuno na mikono vinyooke kwa pamoja. Msichana anayeseti na magoti yaliyonyooka utamjua tu, mpira wake huishia katikati ya njia.

Sasa hilo gumba. Gumba la seta linaelekea nyuma, kwenye macho yake mwenyewe. Lako naamini lilielekea mbele, na mpira ukaja ukaligonga kwenye ncha. Hiyo ndiyo njia ya kawaida kabisa ya kuteguka gumba kwenye mchezo huu. Bibi yako alikuvuta kwa upendo, lakini mwambie kwa heshima asirudie, wala usimruhusu mwenzako uwanjani akivute. Kidole kikigongwa, kiweke kwenye maji baridi sana au barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika kumi hadi kumi na tano, kisha kipumzishe. Kwa kuwa bado kinauma ukikikunja, nenda kituo cha afya wakitazame kabla hujarudi kuseti. Wakisema kinahitaji picha, kubali. Nimewaona wasichana waliocheza na gumba lililopasuka mfupa wakidhani limeteguka tu, likaja kupona vibaya. Ukiruhusiwa kurudi, kata kucha zako ziwe fupi.

Wakati gumba linapona hutakosa cha kufanya, na hapa pia ndipo ninapokujibu habari ya kutokuwa na mpira. Miguu haihitaji mpira. Pale uani kwenu chora mistari miwili kwa kijiti: mmoja ndio wavu, mwingine ni mahali unapotokea, hatua sita au saba nyuma. Kimbia kutoka nyuma, fika mahali pako, kushoto, kulia, simama, geuka, inua mikono hewani. Rudi. Mara ishirini. Halafu mwite mdogo wako mmoja asimame mbele na akuoneshe kidole kulia, kushoto, mbele au nyuma ukiwa umeshafika, nawe uende huko hatua mbili na kusimama tena kwa mguu wa kulia mbele. Watoto wanapenda mchezo huo kwa sababu wanaamrisha mkubwa. Robo saa inatosha, na utatoka jasho.

Gumba likipona, mwombe mwalimu wa michezo akukabidhi mpira mmoja Ijumaa uurudishe Jumatatu. Waalimu wengi wanakataa kwa kuogopa upotevu, kwa hiyo nenda na mama yako, au mama aandike karatasi ya kuahidi. Mpira wa wavu halali una mzingo wa sentimita 65 hadi 67 na uzito wa gramu 260 hadi 280. Ukipewa ule wa zamani ulionyonya maji na kuwa mzito, au uliojazwa upepo ukawa mgumu kama jiwe, sema. Mpira mgumu unamfundisha mtoto kufumba vidole. Tafuta ukuta wowote ambao mwenyewe hatagomba. Kwa chaki piga mstari mita 2.24 kutoka chini, maana hicho ndicho kimo cha wavu wa wanawake. Simama hatua moja na nusu kutoka ukutani, seti juu ya mstari, mfululizo, ukihesabu. Ukifika 30 bila kuanguka, rudi nyuma hatua moja. Baada ya hapo seti, piga hatua moja kulia, seti, piga hatua moja kushoto, seti. Hilo la mwisho ndilo lenye thamani zaidi kwako, kwa sababu linaiga hali inayokuponza kwenye mechi.

Kabla ya kulala, lala chali, uurushe mpira juu ya uso wako kwa vidole, nusu mita tu, uutazame. Ukipaa bila kuzunguka, maandishi yake utayasoma. Ukizunguka utaona mkono gani umetangulia. Hapo hakuna refa wala kapteni, ni wewe na vidole vyako. Nilifanya hivyo miaka yangu yote ya kuseti na bado nakumbuka ufa wa dari yetu ulivyokaa.

Shuleni kwenu najua mpira wa pete haukosekani. Ule una zaidi ya gramu 400 kidogo, kwa hiyo mkirushiana na mwenzako kwa mtindo wa kuseti, karibu karibu, mara 15 au 20, vidole vinapata nguvu. Usizidishe, na usiguse kabisa mpaka gumba liwe zima.

Upepo. Sisi wa Dodoma tusipoujua upepo tutaseti wapi? Wenzetu wa kwenye kumbi hawana habari hii, lakini mchujo wenu utachezwa nje, kwenye vumbi. Kabla ya mechi chota vumbi kidogo, lidondoshe, uone linakwenda upande gani. Upepo ukitoka nyuma yako kuelekea namba 4, seti fupi, upepo utamalizia. Ukikupiga usoni, sukuma zaidi kwa miguu, na mpira usipande sana. Ukivuma kuelekea wavuni, weka mpira mbali zaidi na wavu, kama mita moja na nusu, maana utasogezwa. Siku zote mpira wa chini hauchukuliwi kama wa juu, kwa hiyo siku ya upepo mkali teremsha seti zako na uwaambie wapigaji mapema waanze kukimbia mapema. Kumbuka kwamba mnabadilishana pande kila seti, yaani kipindi cha mchezo, inapokwisha, na kwenye seti ya kuamua mnabadilishana timu moja inapofika pointi 8. Hapo upepo wako umegeuka. Nimeona maseta wazuri wakipoteza pointi nne mfululizo baada ya kubadilisha upande, na wala si kwa uoga. Walisahau tu.

Na mpira ukija chini ya kifua, au wewe umefika ukiwa bado unayumba, seti kwa mikono ya chini, ile ile uliyokuwa unapokelea. Hakuna aibu. Wewe hiyo mikono unayo tayari, imekomaa. Katika zile filimbi saba nina hakika tatu au nne zingekwisha kwa uamuzi huo peke yake. Mpira wa mikono ya chini, juu, kuelekea namba 4, mpigaji anaupiga vizuri tu.

Nije kwa dada kapteni, ambalo nadhani ndilo linalokunyima usingizi kuliko dabo.

Nilipokuwa na umri wako nilikuwa na rafiki aliyepiga vizuri kuliko wote, na mwaka mzima mipira yangu ilikuwa yake. Tulishinda mechi nyingi ndogo. Tulipokutana na timu yenye akili, baada ya pointi tano waliona, wakaweka wazuiaji wawili mbele yake kila mara na wa tatu akasogea kumsaidia. Akazuiwa, akazuiwa tena, akaanza kulia, na mimi kwa kumwonea huruma nikaendelea kumpa. Waliokuwa wazi pembeni hawakuwa tayari hata kukimbia, kwa sababu mwaka mzima hawakuwahi kuona faida ya kukimbia. Tulifungwa seti zote. Kosa lilikuwa langu na nilichelewa kulikubali.

Kwa hiyo usiende kwa kapteni na lalamiko. Nenda na faida yake. Mtafute nje ya uwanja, mkiwa wawili, si wakati wa mazoezi na si mbele ya wale wawili walionuna. Anza kwa kumuuliza: "Dada, mpira wako unaupenda wapi, karibu na antena au ndani kidogo? Juu sana au wa kati?" Msikilize, na kesho yake ujitahidi kumpa pale pale alipokuambia. Akiona umemjali, mwambie la pili: "Dada, nikikupa kila mpira wanakusubiri wawili. Nikimpa wa namba 2 mara chache, wewe utabaki na mmoja. Naomba usinifokee mara ya kwanza ikiharibika." Mpigaji mwenye akili hawezi kulikataa hilo, kwa sababu hakuna mpigaji anayependa kuzuiwa na mikono minne. Akiendelea kukufokea, mpelekee mwalimu wa michezo suala lenyewe bila kumsema dada: muulize mwalimu, mbele ya timu, mipira igawiwe vipi. Amri ikitoka kwake, lawama haiwi yako.

Wale wawili nao wana haki ya kuona dalili. Mazoezi yajayo, mwombe mmoja wa wanaokaa benchi ashike daftari na kupiga mstari kila unaposeti: kwa nani, na ikawaje. Mkimaliza seti ya pointi 25 mtazame pamoja. Daftari halinuni. Mtaona pia mambo mengine, kwa mfano kwamba mzunguko wa nafasi ukikuweka mstari wa mbele mna wapigaji wa mbele wawili tu, na ukiwa nyuma mna watatu. Ukiwa nyuma ndipo pa kumpa wa katikati na wa namba 2. Ila ukiwa nyuma chunga: ukiingia ndani ya mstari wa mita 3 kutoka wavuni, huruhusiwi kuupeleka kwa wapinzani mpira ambao wote uko juu ya kimo cha wavu, wala kuzuia. Maseta wapya wengi hupoteza pointi hapo kwa kutaka kuusukuma mpira ng'ambo.

Ikiwa mzunguko huu wote wa kuingia kutoka nyuma unakulemea, mwalimu anaweza kuwatumia maseta wawili, anayekuwa mbele ndiye anaseti. Timu nyingi za shule huanza hivyo. Mpelekee wazo hilo, yeye aamue.

Kuhusu sentimita zako 152. Yoshie Takeshita wa Japani ana sentimita 159. Kwenye ubingwa wa dunia wa mwaka 2006 alichaguliwa mchezaji bora wa mashindano yote, wala Japani haikuwa bingwa, na mwaka 2012 akiwa seta wa timu hiyo walichukua medali ya shaba ya Olimpiki London, wakizungukwa na wasichana wa mita moja na tisini. Ukipata simu yenye intaneti, tafuta mechi zake, au za Kenya, Malkia Strikers. Kwa seti moja nzima usitazame mpira. Tazama miguu ya seta peke yake. Utashangaa jinsi anavyokuwa amekwisha kufika. Ni kweli ufupi utakugharimu kwenye kuzuia, mpigaji wa namba 4 wa wapinzani atakutafuta. Hilo mpangilieni na wa katikati na walio nyuma yako, wakae wakijua mpira unaweza kupita juu yako.

Wiki sita zinatosha kuacha kuchelewa. Hazitoshi kuwa seta aliyekamilika, na hakuna anayekudai hilo kwenye mchujo. Wiki ya kwanza na ya pili miguu tu, gumba lipone. Kuanzia ya tatu ukuta, na kila mazoezi mwombe mwalimu asikurushie tena yeye: asevie mtu, apokee mtu, nawe useti kutoka kwenye mapokezi hayo, mazuri na mabaya. Ya tano na ya sita chezeni, na daftari liwepo.

Siku ya mchujo yenyewe, mpira wa kwanza utakaoushika mpe kapteni wako, juu, taratibu, pale alipokuambia anaupenda. Halafu uniandikie wa pili ulimpa nani.